Nano ya mwarobaini kwa ajili ya kisukari: kilichomo chupani ni mti au ni madini?

Mkazi wa Chumbageni

Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa kemia, famasia au tiba, kwa sababu jambo hili limenishinda kulipima kwa akili yangu ya uhasibu.

Mama yangu ana umri wa miaka 63, na huu ni mwaka wa tisa tangu agundulike kuwa na kisukari cha aina ya pili. Ameandikiwa metformini ya miligramu 1000 asubuhi na jioni, pamoja na glibenklamidi ya miligramu 5 asubuhi. Hata hivyo, sukari yake ya asubuhi kabla hajafungua kinywa imekuwa ikicheza kati ya milimoli 9 na 11 kwa lita, na nyayo zinamwaka moto usiku kiasi cha kumnyima usingizi. Wiki iliyopita binamu yangu alimletea chupa ya mililita 250 yenye maji ya rangi ya kahawia, ambayo lebo yake imeandikwa kwamba ni "nano ya mwarobaini". Anatakiwa anywe kijiko kimoja cha chai mara mbili kwa siku, na muuzaji amemhakikishia binamu kwamba baada ya siku 21 vidonge vitawekwa kando.

Ningeipuuza kama si jambo moja. Chupa ilikuja pamoja na nakala ya makala ya utafiti ya Kiingereza, yenye picha za hadubini, grafu na majedwali, nami nimeisoma mara tatu. Inahusu chembe za nano za oksidi ya zinki zilizotengenezwa kwa majani ya mwarobaini, na inaonyesha kwamba panya wa kisukari waliopewa chembe hizo walishuka sukari karibu sawasawa na wale waliopewa metformini. Sioni sababu ya kudhani kwamba watafiti hao ni waongo.

Ninataka kufahamu kwa hakika ni nini kimo ndani ya chupa ya namna hii, kwa nini hospitali hazitoi kitu hicho ikiwa utafiti unasema kinafanya kazi, na kama mama anaweza kukitumia sambamba na vidonge vyake. Yeye ameshakiamini, kwa kuwa amekua akinywa mwarobaini tangu utotoni kila alipopata homa, na neno "nano" halimsumbui hata kidogo. Mimi pia sitaki kumvunjia heshima binamu, ambaye ni mkubwa kwangu na ametoa fedha zake kwa nia njema.

Mwalimu Mstaafu wa Kemia

Mwanangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kijiko cha kwanza. Nimefundisha kemia kwa miaka 31, na kazi hii nimewahi kuifanya mwenyewe mbele ya wanafunzi, kwa hiyo nitaeleza upande wangu na kuwaachia watu wa tiba upande wao.

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa kichwa una upana unaokaribia nanomita 80,000, na chembe nyekundu ya damu ni kama 7,000. Kitu huitwa chembe ya nano kinapokuwa kati ya nanomita 1 na 100. Katika udogo huo maada hubadilika tabia, kwa sababu sehemu kubwa ya atomu zake zimekaa juu ya uso, ambako ndiko zinakokutana na vitu vingine. Dhahabu, kwa mfano, hupoteza umanjano wake na kuwa nyekundu kama juisi ya choya, na madini ya fedha huwa manjano hadi kahawia.

Utengenezaji wake si mgumu, na ndiyo maana umeenea katika maabara za vyuo duniani kote. Majani ya mwarobaini huchumwa, huoshwa, huchemshwa na kuchujwa. Kando yake huandaliwa maji ya nitrati ya fedha, ambayo ni gramu 0.17 tu katika lita moja, kisha sehemu moja ya maji ya majani humiminwa katika sehemu tisa za maji hayo. Baada ya dakika kadhaa, au pengine saa kadhaa, mchanganyiko uliokuwa wa manjano hafifu hugeuka kahawia mbele ya macho yako, na wanafunzi hupiga makofi. Kilichotokea ni kwamba fenoli na flavonoidi, ambazo ni kemikali za asili za jani, zimeipa ioni ya fedha elektroni iliyokosekana, ioni imekuwa atomu, atomu zimekusanyika kuwa chembe, na masalia ya mmea yamezizingira chembe hizo yakizizuia zisigandane na kuzama. Kwa maneno mengine, jani limefanya kazi ya mpishi, lakini kilichopikwa ni fedha, na anayekunywa anakunywa fedha iliyovikwa utando mwembamba wa mwarobaini. Njia hii huitwa ya kijani kwa sababu inaepuka kemikali kali kama borohaidridi ya sodiamu. Ukijani huo unahusu jikoni, hauhusu tumbo la mnywaji.

Sasa lipo jambo katika maelezo yako lililonifanya nirudie kuyasoma. Umesema makala inahusu oksidi ya zinki. Oksidi ya zinki ni unga mweupe usioyeyuka katika maji, ndiyo ile inayotiwa katika losheni za upele, na kwa njia hii ya majani hupatikana mara nyingi kwa kukausha mchanganyiko hadi uwe uji mzito na kisha kuuchoma katika tanuri la nyuzi 400 hadi 500. Kwenye joto la namna hiyo mwarobaini wote huungua, kwa hiyo unga unaobaki hauna uchungu wala harufu ya mti uliotajwa katika kichwa cha makala. Chupa ya mama yako, kwa upande mwingine, ina maji ya kahawia. Hayo yanaweza kuwa chembe za fedha, yanaweza kuwa majani yaliyochemshwa tu kama bibi zetu walivyochemsha, na yanaweza kuwa kitu cha tatu kabisa. Kwa vyovyote vile, makala na chupa hiyo havijawahi kukutana.

Usijaribu kupima kwa tochi ya leza, kama wengine wanavyoshauri. Ni kweli kwamba mwale wa leza huonekana wazi ukipita katika maji yenye chembe ndogo, lakini utaonekana vilevile ukipita katika maji yaliyotiwa tone la maziwa. Ili kujua kuna fedha ya nano au hamna, unahitaji kipima mwanga kitakachoonyesha kilele cha kufyonza mwanga wa urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 450, pamoja na hadubini ya elektroni ya kuthibitisha ukubwa. Hata vikiwepo, swali la kama kila pishi linafanana na lililotangulia linabaki palepale: majani yaliyochumwa masika hayana fenoli kiasi kile kile cha majani ya kiangazi, na mpishi akibadilika, ukubwa na umbo la chembe hubadilika pia, hata kama lebo ni ile ile.

Mfamasia wa Zamu

Shikamoo Mwalimu. Nitapokea kijiti pale ulipoachia.

Ndugu mleta mada, uko sahihi kwamba hakuna sababu ya kuwaita watafiti hao waongo. Tatizo liko katika umbali uliopo kati ya walichokipima na kile ambacho muuzaji anakiahidi. Utafiti wa aina hii huwa na ngazi, na karibu zote zilizochapishwa kuhusu chembe za nano za mimea na kisukari zimekomea katika ngazi mbili za chini.

Ngazi ya kwanza ni ya bomba la maabara. Watafiti huchukua vimeng'enya vinavyovunja wanga, yaani amilesi na glukosidesi, wakavichanganya na chembe, wakapima vimezuiwa kwa asilimia ngapi. Hoja yenyewe ni ya kweli, kwa kuwa ipo dawa ya hospitali iitwayo akabosi ambayo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: huchelewesha wanga kugeuka sukari, ingawa humjaza mtumiaji gesi. Lakini kipimo hiki kina udhaifu ambao hausemwi sana. Tanini za mimea, yaani viambato vinavyokaukisha kinywa, hushikamana na protini karibu zote zinazokutana nazo, na kimeng'enya ni protini. Hata chai ya rangi iliyokolea huzuia amilesi ndani ya bomba, na hatujaona wanywaji wa chai ya rangi wakipona kisukari.

Ngazi ya pili ni ya panya. Panya mzima huchomwa sindano ya streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotoa insulini, na siku chache baadaye sukari yake hupanda. Kisha hupewa chembe kwa majuma mawili, matatu au manne. Panya huyo amepata ugonjwa unaofanana zaidi na kisukari cha aina ya kwanza, na ameupata kwa sumu, ndani ya juma moja, akiwa kijana. Mama yako ana kongosho lililochoka taratibu, mwili unaokataa kuitikia insulini, na miaka tisa ya ugonjwa. Baadhi ya watafiti hulisha panya mafuta mengi kwanza ili kukaribia aina ya pili, na hao ninawaheshimu zaidi, ila panya wanabaki kuwa panya wachache na majuma yanabaki kuwa majuma.

Naomba sasa tufanye hesabu, kwa kuwa wewe ni mhasibu. Tuseme chupa ni ya fedha na imetengenezwa kama Mwalimu alivyoeleza, basi ina takriban miligramu 100 za fedha kwa lita. Vijiko viwili vya mililita 5 vinampa mama miligramu 1 kwa siku. Tuchukue jaribio ambamo panya alipewa miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake. Dozi ya panya haihamishwi kwa binadamu kilo kwa kilo. Kanuni inayotumika huigawa kwa 6.2 hivi, kwa hiyo mtu wa kilo 65 angehitaji kama miligramu 105 kwa siku, ambazo ni lita nzima na zaidi kidogo. Vijiko viwili havifiki hata sehemu ya mia ya dozi iliyomsaidia panya. Lakini geuza upande wa pili wa daftari: Wakala wa Mazingira wa Marekani umeweka kiwango cha fedha kinachodhaniwa kuwa salama kumezwa kila siku maisha yote kuwa miligramu 0.005 kwa kilo, ambayo kwa mtu huyo ni kama miligramu 0.33. Vijiko viwili vimekivuka mara tatu. Ni dozi ndogo mno kuwa dawa na kubwa mno kunywewa kwa miaka.

Fedha inayomezwa muda mrefu hujikusanya mwilini, na matokeo yake yanayojulikana zaidi ni ngozi kuwa ya kijivu cha bluu, hali isiyoondoka hata mtu akiacha. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa kanuni mwaka 1999 kwamba dawa za kunywa zenye fedha, zinazouzwa bila cheti cha daktari, hazitambuliwi kuwa salama wala kuwa na manufaa. Zinki ina sifa nzuri zaidi, maana ni lishe, na kongosho lenyewe huhifadhi insulini kwa kuifunga molekuli sita sita pamoja na ioni za zinki. Hata hivyo oksidi ya zinki huyeyuka katika asidi ya tumbo, kwa hiyo sehemu kubwa ya unano wake huishia hapo, na mtu mzima anayezidisha miligramu 40 za zinki kwa siku kwa muda mrefu huhatarisha akiba yake ya shaba.

Nimeacha kwa makusudi jambo linalonitia hofu kuliko yote. Mwaka 2008 hospitali za Singapore zilipokea watu 150 ambao hawakuwa na kisukari lakini sukari yao ilikuwa imeshuka vibaya, na wanne kati yao wakafariki dunia. Walikuwa wametumia dawa za nguvu za kiume, baadhi zikiuzwa kama za mitishamba, na ndani yake mlikutwa glibenklamidi, dawa ile ile anayoitumia mama yako. Simshutumu aliyemuuzia binamu yako. Ninasema tu kwamba maji yanayoshusha sukari upesi kuliko yanavyotazamiwa yanaweza kuwa na kidonge kilichosagwa ndani yake, na kwa mama wa miaka 63 ambaye tayari anameza glibenklamidi asubuhi, dozi ya pili asiyoijua inaweza kumwangusha chini ya 4 usiku akiwa amelala.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la tatu ni hapana, asikitumie sambamba na vidonge, na asikitumie badala ya vidonge. Je, lebo ina namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Na mama anakimeza kila kidonge alichoandikiwa? Swali hili la pili naomba umuulize mwenyewe, kwa upole, wala si mbele ya watu.

Bint Makunduchi

Nimesoma kwa makini, lakini naomba kuuliza kwa niaba ya sisi ambao hatuna nano. Marehemu bibi yangu alikuwa akiloweka uwatu usiku na kunywa maji yake asubuhi, na kwetu karela hupikwa kama mboga ya kawaida. Je, na hivyo viachwe?

Mwanafunzi wa Uzamivu

Ninafanya utafiti katika eneo hili hili, hivyo niruhusuni kutofautiana kidogo na Mfamasia, ambaye ushauri wake kuhusu chupa ninauunga mkono kwa asilimia mia.

Mjadala umekwenda kana kwamba chembe zote za nano zinazohusiana na mimea ni madini. Si hivyo. Ipo familia ya pili, ambayo binafsi ninaiona kuwa na matumaini makubwa zaidi, ambamo kiambato cha mmea ndicho dawa na chembe ni gari la kukibeba. Mfano mzuri ni kukumini, ile inayoipa manjano rangi yake. Ndani ya bomba kukumini hufanya mambo mengi ya kupendeza, lakini mtu akiimeza, kiasi kinachofika katika damu ni kidogo mno, kwa kuwa haiyeyuki vizuri katika maji na ini huigeuza na kuitoa haraka. Ukiifunga ndani ya chembe za mafuta, au za kitosani inayotokana na magamba ya kamba na kaa, sehemu inayofika huongezeka. Nchini Iran kumefanywa majaribio madogo kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wakipewa vidonge vya kukumini ya nano, na baadhi yameonyesha nafuu ya sukari na mafuta ya damu. Nasisitiza neno "madogo": ni watu makumi, kwa miezi michache. Lakini ni watu, si panya, na tofauti hiyo lazima itajwe.

Wapo pia wanaotumia chembe za namna hiyo kujaribu kuifanya insulini iweze kumezwa, kwa sababu insulini ikifika tumboni humeng'enywa kama nyama nyingine yoyote. Hilo ni tatizo la tangu mwaka 1922, pale mgonjwa wa kwanza mjini Toronto alipochomwa sindano, na hadi leo mamilioni wanajichoma.

Jambo la pili ni kwamba mti haupaswi kudharauliwa. Metformini anayoinywa mama wa mleta mada ina ukoo wa mmea. Mmea wenyewe huitwa Galega officinalis, ulitumika Ulaya katika tiba za kale, na ndani yake mna galejini, ambayo ilijaribiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1920 ikaonekana kuwa na sumu. Mwaka 1922 huko Dublin, Werner na Bell walitengeneza ndugu yake wa maabara, metformini, na haikushughulikiwa sana hadi daktari Mfaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa nayo mwaka 1957. Marekani iliikubali mwaka 1994. Vilevile, gome la mzizi wa mtufaha lilitoa florizini mwaka 1835, na nusu karne baadaye ikajulikana kwamba inamfanya mtu atoe sukari katika mkojo, lakini vidonge vilivyozaliwa kutokana na wazo hilo, kama dapagliflozini, viliruhusiwa Ulaya mwaka 2012. Ninataja miaka hii kwa sababu muuzaji anayeahidi siku 21 anashindana na historia ambayo, kwa mtufaha peke yake, ilichukua miaka 177.

Pale ninapotofautiana na Mfamasia ni katika sauti yake juu ya jaribio la amilesi. Tunalitumia kwa sababu ni rahisi na bei yake tunaimudu, na linatusaidia kuchagua mimea michache kati ya mamia kabla hatujamgusa mnyama hata mmoja. Kosa ni la wanaolinukuu kama ushahidi wa tiba. Nakiri kwamba baadhi yetu hulipamba kupita kiasi katika sehemu ya hitimisho, tukiandika kwamba chembe zetu "zinaweza kuwa dawa mbadala", na sentensi hiyo ndiyo inayopigwa kalamu ya kijani na wauzaji na kutolewa nakala.

Mfamasia wa Zamu

Mwanafunzi, nimekusikia kuhusu amilesi na ninaondoa ukali, ila chai ya rangi siiondoi.

Bint Makunduchi, karela kama mboga na uwatu kama kiungo ni chakula, wala hakuna anayekukataza. Uwatu una nyuzi zinazofanya ute, na ute huo hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu baada ya mlo. Mtu anayetumia insulini au glibenklamidi akianza kunywa maji ya uwatu kila siku kwa wingi, apime sukari mara nyingi zaidi na amwambie daktari, kwa kuwa huenda dozi ikahitaji kupunguzwa. Mjamzito asiutumie kama dawa. Ninachokipinga ni kuacha vidonge. Tulikwisha kuona mwaka 2011 jinsi maelfu walivyopanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, na tulioko hospitalini tunakumbuka miezi iliyofuata.

Mkazi wa Chumbageni

Shikamooni wakubwa, na ahsanteni nyote. Nilinyamaza kwa siku kumi kwa sababu nilitaka kurudi na jambo la maana.

Lebo haina namba ya usajili wala tarehe ya kutengenezwa. Ina namba ya simu tu. Nilipompigia muuzaji nikamuuliza kama ni fedha au ni zinki, alinijibu kwamba ni "nano yenyewe", na nilipotaja kwamba oksidi ya zinki ni nyeupe, akasema atanipigia. Hajapiga.

Lakini hilo limekuwa dogo. Nilimuuliza mama lile swali la Mfamasia tukiwa wawili jikoni, akichambua mchele. Alikaa kimya, kisha akaniambia kwamba metformini ya asubuhi hajaimeza tangu Ramadhani ya mwaka juzi, kwa sababu inamchafua tumbo na anaona haya kukimbilia chooni akiwa sokoni. Kliniki wanapomuuliza kama anatumia dawa, hujibu ndiyo, kwa kuwa ile ya jioni anaitumia. Glibenklamidi nayo huimeza saa nne akikumbuka, baada ya kifungua kinywa na si kabla. Kwa hiyo mwanamke niliyemwona ameshindwa na vidonge, alikuwa anatumia nusu yake.

Nilimpeleka kliniki Jumanne. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilitoka asilimia 9.1. Daktari hakumgombeza. Alimbadilishia metformini akampa ile inayoyeyuka polepole, aimeze pamoja na chakula cha jioni, aanze na kidonge kimoja cha miligramu 500 na kuongeza kila wiki kadiri tumbo litakavyozoea. Ile glibenklamidi ameisimamisha kwa sasa kwa sababu ya umri wake, akasema ataamua juu ya dawa nyingine baada ya kuona majibu ya figo. Miguu pia ameichunguza kwa uzi mwembamba wa kupimia hisia, na ameshauri asitembee peku hata ndani ya nyumba. Asubuhi ya leo sukari ilikuwa 8.4, na ninajua kwamba siku chache haziwezi kuthibitisha lolote.

Binamu amelipokea vizuri kuliko nilivyohofia, isipokuwa anataka arudishiwe chupa ili akadai fedha zake. Mama hajainywa, ameificha nyuma ya makopo ya unga, na anasema mwarobaini hautupwi. Niirudishe?

Mfamasia wa Zamu

Usiirudishe, na usiimwage kwenye sinki wala bustanini, kwa maana kama ni fedha, inaua hata vijidudu vya udongo vinavyofaa. Ifunge katika mfuko pamoja na ile nakala ya makala, andika tarehe uliyoipokea na mahali iliponunuliwa, kisha uikabidhi kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yenu na uombe ipelekwe Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwombe akutilie sahihi kwamba ameipokea, nayo hiyo karatasi binamu anaweza kwenda nayo kwa muuzaji. Na mama akishafika vidonge vinne vya miligramu 500, mpime tena asubuhi tatu mfululizo kabla hajanywa chai, uandike namba hizo katika daftari lake la kliniki.